Kadi ya Mia ya Pak Wiryawan

Idara ya Mawasiliano na Takwimu ya Wilaya ya Banyuselo inapenda kuutangazia umma, hususan wale waliokuwa wakitucheka, kwamba sisi ndio idara ya kwanza katika Java ya Kati, na pengine katika Indonesia nzima, kulimaliza kabisa tatizo la kukadiria kazi. Kwetu sasa kazi zote zina ukubwa mmoja. Hazizidi, hazipungui. Mimi Prayitno, Katibu wa Idara, ndiye niliyeubuni utaratibu huu, na ninauandika kwa mkono wangu kabla watu wengine hawajaanza kudai kuwa walikuwepo. Kwa nini ninauandika nikiwa ofisini, siku ya Idi, nitaeleza mahali pake.

Mambo yalianza pale Bu Bupati, mama mkuu wa wilaya yetu, aliporudi kutoka semina ya Jakarta na kuagiza kila idara ifanye kazi kwa wepesi. Hakuna aliyejua wepesi huo ni kitu gani, lakini katika hotuba yake alilitamka neno hilo mara nyingi huku akigonga meza, kwa hiyo tukaunda Kamati ya Wepesi. Kamati ilichukua muda kidogo kuanza kazi kwa sababu wajumbe hawakuafikiana rangi ya sare. Hatimaye tukashona batiki ya kijani, na wepesi ukawa umezinduliwa rasmi.

Tukaletewa mtaalamu kutoka Jakarta, kijana mmoja wa viatu vyeupe asiyevaa soksi. Alitufundisha katika ukumbi wa hoteli, baina ya chai na chai. Alisema kazi haipimwi kwa siku, maana kwenye siku watu hudanganyana. Kazi hukatwakatwa vipande, na kila kipande hupewa pointi kulingana na ukubwa wake. Akamgawia kila mmoja wetu fungu la kadi zenye namba: moja, mbili, tatu, tano, nane, hivyo hivyo mpaka mia. Kipande kinasomwa, kila mtu anafikiri kimyakimya, anaweka kadi kifudifudi, kisha wote wanafunua kwa mpigo. Wakitofautiana, mwenye kadi ndogo na mwenye kadi kubwa wanaeleza sababu zao, halafu wanarudia.

"Siri yake," alisema yule kijana, "ni kwamba hakuna anayemtazama bosi."

Tulicheka kwa adabu. Tulidhani ni utani wa Jakarta.

Kazi tuliyopewa ilikuwa kutengeneza programu ya simu ya kuombea likizo. Iliitwa Si Pulang, yaani Bwana Mrudi-Nyumbani, kwa sababu katika serikali yetu programu haiwezi kupata bajeti kabla haijapata jina la kubembeleza. Mpaka wakati huo mtumishi akitaka likizo alizungusha karatasi ofisi kwa ofisi mpaka likizo yenyewe inaisha. Bu Bupati alitaka programu iwe inafanya kazi kabla ya Idi, maana Idi ndiyo wakati ambao Java nzima inarudi kwao kwa pamoja, na asiyerudi kwao husemwa mpaka Idi nyingine.

Waliotakiwa kuitengeneza walikuwa wawili tu, wote watumishi wa mkataba. Wa kwanza ni Mas Teguh, kijana mpole aliyekonda kama waya wa simu. Wa pili ni Mbak Kinasih, dada ambaye si mpole. Kwao Kinasih ni Banyuwangi, mwisho kabisa wa kisiwa, na Idi tatu mfululizo alikuwa hajafika nyumbani, kwa sababu kila Idi ilipokaribia ilizuka kazi ya dharura na kila dharura ilimkuta yeye. Safari hii alikuwa amepata tiketi ya treni, kiti cha dirishani. Tiketi za Idi huisha kabla mtu hajapepesa jicho, na yeye aliipata kwa kubonyeza simu mbili kwa pamoja akiwa amejifungia chooni, ambako ndiko mtandao wa idara unashika vizuri. Picha ya tiketi hiyo aliibandika pembeni mwa kompyuta yake, na kila asubuhi aliigusa kwanza ndipo akaketi.

Kikao cha kwanza cha kadi kikafunguliwa. Kipande cha kwanza kilikuwa kitufe cha "Omba Likizo". Mkuu wa Idara, Pak Wiryawan (Pak kwetu ni Bwana), alikisikiliza, akatabasamu.

"Kitufe tu hicho," alisema.

Tukafunua. Yeye alikuwa na mbili. Sisi viongozi wote tulikuwa na mbili, kwa bahati. Teguh alikuwa na nane. Kinasih alikuwa na arobaini.

"Mbak Kinasih," alisema Pak Wiryawan kwa sauti laini, ule ulaini ambao kwetu Java ukiusikia unaanza kukusanya vitu vyako mezani. "Arobaini?"

"Ndiyo, Pak. Kitufe chenyewe kidogo. Ila kikibonyezwa lazima kijue wewe ni nani, una siku ngapi zimebaki, bosi wako nani, na huyo bosi naye akiwa likizo, anayekaimu ni nani. Hiyo ndiyo kazi."

"Ni kitufe, Mbak."

"Hata kengele ya mlangoni ni kitufe, Pak. Ila kuna mtu lazima ainuke akafungue."

"Safi sana!" alidakia mtaalamu wa Jakarta, macho yakimng'aa. "Tofauti! Sasa tujadili!"

Bu Hartini wa Fedha aligundua ghafla kwamba dari lina ufa, na sote tukautazama ufa huo kwa muda mrefu. Pak Wiryawan aliinuka, akanikonyeza, nikamfuata koridoni.

"Prayitno, mimi nina mbili."

"Ndiyo, Pak."

"Mtoto wa mkataba ana arobaini."

"Nimeona, Pak."

"Watu wameona?"

"Wote, Pak."

"Bu Hartini alipiga picha?"

"Ya kumbukumbu ya kikao, Pak. Ameshaituma kwenye kundi la idara."

Alifumba macho. Nimemtumikia Pak Wiryawan kwa muda mrefu, najua kinachomuuma. Ukubwa wa kitufe haukumhusu hata kidogo. Kilichomkereketa ni kwamba namba ndogo ilikuwa mbele ya mtu mkubwa na namba kubwa mbele ya mtu mdogo, tena mchana kweupe. Nikamwambia aniachie mimi.

Ndipo ukazaliwa Waraka wa Ugawaji wa Kadi kwa Kufuata Vyeo. Kadi zote zilirudishwa ghalani na kugawiwa upya, moja kwa kila mtu. Mkuu wa Idara alipewa mia, na ya kwake niliifunika kwa plastiki na kuitia ukingo wa dhahabu. Katibu wa Idara, yaani mimi, arobaini. Wakuu wa vitengo, ishirini ishirini. Watumishi wa mkataba walipewa moja, na wakakumbushwa kuitunza.

"Samahani, Pak Katibu," aliuliza Teguh akiigeuzageuza ile moja yake. "Kila mtu akiwa na kadi moja tu, atachagua nini?"

"Hatachagua. Hiyo ndiyo nafuu yenyewe."

"Na kazi ikiwa kubwa?"

"Utaonyesha moja."

"Ikiwa ndogo?"

"Utaonyesha moja, lakini kwa furaha."

Matokeo yalikuja papo hapo. Kipande kinasomwa, kadi zinafunuliwa, jumla ni ileile. Kitufe, jumla ileile. Kuhamisha kumbukumbu za watumishi wa wilaya nzima, ambazo nusu yake zimo kwenye makabati yaliyoliwa na mchwa, jumla ileile. Ule mzozo wa mwenye ndogo na mwenye kubwa kuelezana sababu uliisha wenyewe, kwa kuwa sababu ilikuwa inajulikana: huyu ni Mkuu, yule si Mkuu. Nilimpigia simu mtaalamu wa Jakarta kumpa habari njema. Aliomba jina lake lisitokee kwenye ripoti. Huo ni unyenyekevu wa nadra kwa kijana wa leo.

Utaalamu wake mwingine nao tuliuboresha. Alitaka kila asubuhi tufanye kikao kifupi tukiwa tumesimama, ili watu wasirefushe maneno. Lakini Mkuu wa Idara hawezi kusimamishwa, kwa hiyo aliwekewa sofa. Wakuu wa vitengo hawawezi kusimama mbele ya sofa bila kitu, nao wakawekewa viti. Na kwa kuwa kila msemaji sharti kwanza awasalimu waheshimiwa wote waliopo, mmoja mmoja, kwa cheo na kwa jina kamili, pamoja na uhaji wake na shahada aliyosoma, kikao kifupi kilikwisha karibu na adhuhuri. Kinasih na Teguh walisimama muda wote, kwa hiyo masharti yalitimizwa.

Ule ubao wa vikaratasi vya rangi, ambavyo huhamishwa kutoka "Bado" kwenda "Inaendelea" kwenda "Imekwisha", ulikuwa unatutia aibu, kwani feni ikiwashwa vikaratasi vinaruka. Nikaagiza ubao uwekewe kioo na kufuli. Tangu hapo hakuna kikaratasi kilichoanguka, wala kilichohama.

Sifa zetu zikavuka mipaka. Idara za wilaya jirani zilianza kuja kwa mabasi, na sare zao, kwa ziara za mafunzo, maana kwetu mtu akisikia jirani amefanikiwa hulazimika kwenda kupiga picha. Walipiga picha na kioo. Walipiga picha na kadi ya mia. Mkuu mmoja wa idara, mzee makini, aliuliza swali la maana.

"Na Pak, kazi ikiwa ndogo kabisa, mnafanyaje?"

"Kwetu," alijibu Pak Wiryawan, "hakuna kazi ndogo."

Waliandika wote. Kinasih, aliyekuwa akipitisha masanduku ya vitafunio kwa sababu wageni walikuwa wengi, naye nilimwona ametulia na kusikiliza.

Kisha ikaja habari kwamba jimbo litatoa tuzo ya Mtumishi Mchapakazi, na Pak Wiryawan akaniita.

"Wanataka ushahidi wa kazi, Prayitno. Tuna ushahidi gani?"

"Tuna pointi, Pak."

"Za nani?"

"Pak, ukiangalia vizuri, nyingi ni zako."

Akaiangalia kadi yake ya dhahabu kwa jicho jipya. Siku hiyohiyo tukatoa waraka: pointi za kadi yoyote ni kazi ya mtu aliyeionyesha kadi hiyo. Kwa hesabu hiyo Pak Wiryawan alikuwa anabeba programu nzima mgongoni, mimi nikimsaidia, na wale wawili wakitushikia mwavuli.

Ramadhani ikaingia. Kinasih alikuja mezani kwangu alasiri moja, midomo imemkauka kwa saumu.

"Pak Katibu, naomba uhakika. Tiketi yangu hairudishwi. Tukimaliza, naenda nyumbani?"

"Tukimaliza, tutaangalia."

"Kila mwaka tunaangalia, Pak. Mama amesema mwaka huu nisipofika chumba changu anawapa bata."

"Bata wangapi?" niliuliza, kwa sababu jalada linataka maelezo kamili.

Machozi yalimlengalenga, akageuka kabla hayajashuka. Nilimwonea huruma, nasema kweli, lakini huruma haina kifungu katika bajeti. Nilipeleka taarifa kwa Pak Wiryawan kwamba watu wa mkataba wana dalili za kutaka kwenda makwao. Akashtuka. Je, wakila kona kabla kazi haijaisha? Tukatoa waraka mwingine: hakuna mtumishi wa cheo chochote atakayepewa likizo ya Idi kabla ya kumaliza pointi zake. Yale maneno "wa cheo chochote" niliyaweka mimi. Waraka usiokuwa nayo husomeka kama barua ya kawaida.

Pak Wiryawan alimwita Kinasih akamkabidhi nyaraka mbili, ule wa pointi na ule wa likizo.

"Hizi ziingie ndani ya Si Pulang. Programu yenyewe ndiyo iwazuie watu, tusije tukalaumiwa sisi."

Kinasih alizisoma. Akazisoma tena. Nilidhani atalia, lakini uso wake ulianza kutulia, halafu ukawa na adabu nyingi kupita kiasi.

"Ziingie kama zilivyoandikwa, Pak?"

"Neno kwa neno. Usiongeze, usipunguze."

"Kwa watu wote?"

"Hujui kusoma, Mbak? Cheo chochote."

"Nimesoma, Pak. Na pointi itahesabika imekwisha wakati gani? Naweza kuweka kwamba mwenye kadi mwenyewe aonyeshe kazi aliyofanya, ndipo abonyeze 'Nimemaliza'?"

"Bila shaka! Kila mtu abebe mzigo wake."

"Basi naomba saini, Pak."

Akasaini kwa kalamu nene, mkia wa saini ukatoka nje ya karatasi.

Wiki zilizofuata wale wawili walifanya kazi ambayo sitaieleza kwa undani, kwa kuwa kwa mujibu wa pointi ilikuwa ndogo. Kila walipomaliza kipande waliweka walichofanya, wakabonyeza, pointi yao moja ikafutika. Sisi wengine tulikuwa tukipata ujumbe kwenye simu: "Ndugu, pointi zako zinakusubiri." Pak Wiryawan aliuliza ni ujumbe gani huo. Nikamwambia ni salamu za mfumo. Akafurahi, akasema mfumo una malezi mazuri.

Uzinduzi ulifanyika katika ukumbi wa wazi wa Bu Bupati, jioni, muda mfupi kabla ya futari. Katikati palisimama tumpeng, mlima wa wali wa manjano uliozungukwa na kuku, mayai na tempe ya soya ya kukaanga, na watu mia kadhaa wenye saumu waliutazama bila kupepesa. Bu Bupati alichelewa kidogo kwa saa za kwetu, yaani sana. Hotuba zikaanza. Msemaji wa nne alikuwa bado anawasalimu waheshimiwa wa safu ya pili pale Pak Wiryawan alipopanda jukwaani.

Alikuwa amejipanga. Angekuwa mtu wa kwanza kuomba likizo kwa Si Pulang, mbele ya wanahabari, kwenye skrini kubwa. Mke wake, Bu Wiryawan, alikaa safu ya mbele akiwa ameshavaa viatu vya safari. Gari lilikuwa nje limeelekezwa Solo kwa mama mkwe, na juu yake pamefungwa jokofu jipya la zawadi.

"Kitufe tu," alisema kwenye kipaza sauti, watu wakacheka, akabonyeza.

Skrini ilizunguka kidogo. Kisha yakatokea maandishi mekundu, makubwa, mazuri kwa kweli:

"Samahani, Pak Wiryawan. Pointi ulizomaliza: hakuna. Pointi zilizobaki: zote. Tafadhali maliza kazi, kisha uombe tena. Salamu kwa familia."

Ile salamu kwa familia, tuligundua baadaye, ilikuwa fikra ya Teguh.

Pak Wiryawan alibonyeza tena. Mfumo ukaisalimu familia tena.

"Mtandao," alisema huku akicheka na jasho likimtoka. "Mtandao wetu huu! Mbak Kinasih, njoo ujaribu wewe." Hapo nilimsoma: alitaka mkosi uonekane umeanzia kwa mtengenezaji.

Kinasih alipanda, akabonyeza. Kijani. "Umekubaliwa. Safari njema." Akatazama skrini, akaziba mdomo kwa mikono miwili, na hapo ndipo alipolia, mbele ya kila mtu, bila kujali. Teguh akabonyeza. Kijani. Watu wakaingiwa na hamu. Mlinzi wa geti, ambaye hakuwahi kugawiwa kadi yoyote, kijani. Mama wa jikoni, kijani. Dereva wa Pak Wiryawan, kijani, akashuka jukwaani anakimbia. Bu Hartini wa Fedha, nyekundu. Wakuu wa vitengo, nyekundu kwa kufuatana. Mimi nilibonyeza kwa kidole kidogo ili isionekane. Nyekundu.

"Pak," Bu Wiryawan alisema kutoka safu ya mbele, kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti, "na jokofu?"

Bu Bupati akainuka. Yeye ni mwanasiasa. Alitazama maandishi mekundu, akawatazama wanahabari, akawaza kidogo, kisha akaamua ni kitu gani alichokiona.

"Mabibi na mabwana! Nimezunguka idara zote za wilaya hii. Kila mahali wakubwa wanaenda likizo na wadogo wanabaki. Leo, kwa macho yangu, nimemwona kiongozi aliyetengeneza mfumo wa kujinyima likizo yeye mwenyewe kwanza!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Dereva ndiye aliyepiga zaidi.

"Na ninaagiza," aliendelea, "mfumo huu usiguswe hata nukta mpaka Idi ipite. Nataka jimbo liuone ulivyo."

Adhana ikalia. Bu Bupati akakata kilele cha tumpeng, heshima ambayo mwenye sherehe humpa mtu mmoja tu, akakiweka kwenye sahani na kumkabidhi Pak Wiryawan. Alikila chote akiwa amesimama, kamera zikimulika, na mke wake hakuyaondoa macho kwake mpaka punje ya mwisho.

Tulimkamata Kinasih kwenye ngazi, begi mgongoni, maboksi ya keki za nazi mikononi.

"Futa," alisema Pak Wiryawan.

"Bu Bupati amesema isiguswe, Pak."

"Futa kimyakimya."

"Inawezekana, Pak. Ila badiliko ni kazi mpya, na kazi mpya lazima ikadiriwe kwanza, wenye kadi wote wawepo. Na mimi likizo yangu imeshaanza."

"Mbak, hii ni kazi ndogo!"

"Kwetu hakuna kazi ndogo, Pak."

Alisema hivyo bila kejeli yoyote usoni. Kisha akaweka maboksi chini, akaushika mkono wa Pak Wiryawan na kuugusisha kwenye paji la uso, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyofanya Idi ikikaribia. "Naomba radhi, Pak. Kwa makosa ya nje na ya moyoni." Akafanya hivyohivyo kwangu. Halafu akashuka ngazi mbilimbili, na Teguh nyuma yake kambebea keki. Sijawahi kumwona mtumishi wa serikali akikimbia hivyo, na nakiri nilimwonea wivu.

Ndiyo maana leo, Idi mosi, baada ya swala tumekuja ofisini moja kwa moja na kofia zetu vichwani. Geti halina mlinzi. Jikoni hakuna mtu. Bu Wiryawan alipita asubuhi akiendesha gari mwenyewe, jokofu juu, akatupitishia ketupat, ule wali wa Idi wa kufungwa kwa majani, na mchuzi kupitia kwenye nondo za geti, akaondoka kwenda Solo bila kuzima injini hata mara moja.

Tulikaa mbele ya kompyuta ya Kinasih, sofa ikiwa katikati. Pak Wiryawan akampigia simu na kuweka sauti ya nje. Nyuma ya sauti ya Kinasih zilisikika kelele za watoto, sufuria, na bata wengi.

"Idi njema, Pak! Nisamehe ya nje na ya moyoni!"

"Nimesamehe, nimesamehe. Mbak, hizi pointi zetu tunaanzia wapi?"

"Kipande cha kwanza, Pak. Sehemu yangu na ya Teguh tulishaweka. Imebaki ya kwako."

"Kipi hicho?"

"Kitufe, Pak. Kile ulichosema mbili."

Bata mmoja alilia karibu kabisa na simu.

"Mama huyo ananiita tule," alisema Kinasih. "Chumba changu amenirudishia, Pak. Salamu kwa familia."

Simu ikakatika. Pak Wiryawan alivua kofia, akakunja mikono ya kanzu, akaitazama kompyuta. Kompyuta ilikuwa nyeusi. Akapapasa ubavuni. Akapapasa nyuma. Bu Hartini akapiga magoti akaangalia chini ya meza.

"Prayitno," aliniuliza taratibu, "hii inawashiwa wapi?"

Nilimwambia sijui. Kila mmoja alisema hajui.

"Basi tufuate utaratibu," alisema. "Tukadirie. Kazi: kuwasha mashine."

Nikaisoma kazi kwa sauti, kama inavyotakiwa. Tulifikiri kimyakimya. Tukaweka kadi kifudifudi, tukafunua kwa mpigo: mia, arobaini, ishirini, ishirini, ishirini. Hakuna aliyemtazama bosi, na bosi hakumtazama mtu. Kwa mara ya kwanza tangu mfumo uanze, kila kadi mezani ilikuwa ya kweli.